Kundi la Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Asubuhi mawingu mazito, upepo wa baridi, manyunyu tangu kabla sijatoka nyumbani. Masika yamebisha hodi.

Leo siku ya kupima mashine. Kila Jumatatu, kabla ya mgonjwa wa kwanza, tunaweka mezani kile kibamba cha plastiki chenye vipande vya madini ya risasi ndani yake, vimepangwa makundi kumi na mawili. Kila kundi lina mistari mitano. Ya kundi la kwanza ni minene kama njiti za kiberiti, na kila kundi linalofuata ni jembamba zaidi, hadi la mwisho ambalo ni kama unywele. Tunakipiga eksirei kama mgonjwa mwingine yeyote, kisha tunatazama kwenye skrini. Kundi la mwisho ambalo mistari yake bado inaonekana mmojammoja ndilo kipimo cha macho ya mashine. Ikishuka chini ya la nane, sharti isimame mpaka itengenezwe.

Utaratibu ni wa Baba Mdogo: mmoja anasoma, mwingine anaandika. Anayesoma haandiki na anayeandika hasomi, ili asiwepo wa kujipendelea. Yeye husoma, mimi huandika. Ni hivyo tangu aliponileta hapa nikiwa sijui hata kufunga aproni ya risasi, na kabla ya hapo ndiye aliyenilea baba yangu alipofariki. Hospitali nzima inamwita Mwalimu. Mimi namwita Baba, hata kazini, na watu wamezoea.

"Kundi la tisa," alisema leo, kama kila Jumatatu.

Nikaandika tisa. Lakini nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, na mimi sikuona mstari wowote kupita la saba. La nane lilikuwa ukungu mtupu.

Huenda ni macho yangu.

Jumatano, 5 Machi
Mvua kutwa. Wagonjwa wachache. Baba Mdogo kanigombeza kwa sababu nilihamisha stuli.

Ijumaa, 7 Machi
Jua kidogo, kisha mvua. Kuanzia leo mimi ndiye nitakayewalaza wagonjwa mezani na kuwaweka sawa, yeye atabonyeza tu. "Mgongo," alisema. Nikamwambia uzee hauombi ruhusa. Akacheka, lakini si kicheko chake.

Jumatatu, 10 Machi
Mawingu. Amesoma tisa. Mimi nimeona saba. Nimeandika tisa.

Jumanne, 11 Machi
Mvua nyepesi. Nimekwenda kupima macho. Si safari, maana mlango wa chumba cha macho unatazamana na mlango wetu, ukumbi tu katikati. Nesi wa macho alinisomesha herufi zote hadi mstari wa chini kabisa, akaniambia, "Wewe una macho ya kipanga. Umekuja kunipotezea muda?"

"Nilitaka kuhakikisha."

"Basi mlete na Mwalimu ahakikishe. Kila asubuhi namwona akipita hapa anapapasa ukuta kama anayetafuta swichi."

Tukacheka wote wawili. Nimerudi ofisini nikiwa bado nacheka, nikamkuta Baba amesimama katikati ya chumba, mkono mbele, anautafuta mlango wa kabati. Kabati lilikuwa wazi. Kicheko kikanikauka.

Jumatatu, 17 Machi
Radi alfajiri, asubuhi mvua kubwa, umeme ukakatika mara mbili.

Leo nimesema. Alipotamka tisa, niliinama hadi karibu na skrini. Ndani ya la tisa kulikuwa na mistari kweli, tena misafi. Lakini aliyenifundisha kuhusu mistari ya aina hiyo ni yeye mwenyewe. Kundi likishaingia ukungu, wakati mwingine mistari hurudi kwenye kundi la mbele yake, ikaonekana safi kuliko ya kweli. Ni mashine inajidanganya. Dawa yake ni kuihesabu. Ikiwa pungufu ya mitano, ni ya uongo.

"Baba, hilo la tisa lina mistari mingapi?"

"Mitano. Lini ilikuwa sita?"

"Mimi nahesabu minne."

"Hesabu tena."

"Nimehesabu mara tatu."

"Ya nne iache. Nenda kamwite mgonjwa."

Sikwenda. Nikamwambia la nane ni ukungu, hilo la tisa ni la uongo, mashine imeshuka na tumwambie Daktari Mkuu. Akageuka kwenye kiti. Alinitazama, ila si usoni hasa, kidogo pembeni, kwenye sikio.

"Binti, kibamba hiki nakijua kuliko ninavyoijua sahani yangu. Nimekisoma wewe ukiwa unang'oka meno ya utoto. Umeanza lini kunisahihisha?"

Nikaandika tisa.

Jumanne, 18 Machi
Mvua. Hatukuzungumza ila kazi.

Jumatatu, 24 Machi
Mvua ya asubuhi ilikatika saa nne. Tisa. Saba.

Mchana alikuja fundi cherehani mmoja, mama mnene mcheshi, ameteleza kwenye ngazi zilizolowa na kuangukia kiganja cha kulia. Nilipokuwa namwekea mkono mezani akaniambia, "Dada, nipigie picha kwa adabu, huu mkono ndio mume wangu. Ndio unaonilisha."

"Na yule wa kushoto?"

"Huyo ni shemeji. Anakuja mezani, kazi hafanyi."

Kwenye picha sikuona ufa. Daktari wa zamu naye hakuuona. Akapewa bandeji na dawa za maumivu, akaondoka akitutania sote hadi getini.

Baada ya kuondoka niliifungua tena ile picha. Kuna mfupa mdogo chini ya kidole gumba, umbo lake kama korosho, ambao ufa wake huwa mwembamba mno. Kingo zake zilikuwa zimelegea kama wino kwenye karatasi iliyolowa.

Jumapili, 30 Machi
Mvua. Nimefua, hakuna kilichokauka.

Jumatatu, 31 Machi
Tisa, alisema. Sikutazama kabisa. Nimechoka kuona.

Jumatatu, 7 Aprili
Mvua kubwa tangu usiku, mtaro wa mbele ya hospitali umefurika na watu wanaruka matofali.

Fundi cherehani amerudi. Hakutania. Kidole gumba kimevimba hadi kifundoni. Ndugu zake walimpeleka hospitali nyingine yenye mashine mpya, na alikuwa na picha yao mkononi. Ufa umekata ule mfupa wa korosho katikati, na vipande vimeshaanza kuachana.

"Mlisema hamna kitu," aliniambia polepole. "Hicho kisicho kitu kinaniliza usiku, dada. Wanasema nipasuliwe. Wanasema hata nikipona, huenda mkasi nisiushike tena."

Nilimpa kiti, akakaa, akaulaza ule mkono mapajani kama mtoto aliyelala.

Nikaenda moja kwa moja kwa Daktari Mkuu. Nilimweleza habari za mashine, la saba na la tisa, mistari minne. Habari za macho ya mtu sikuzitaja. Yeye ni mwanamke mtaratibu, husikiliza kalamu ikiwa chini. Alizitazama zile picha mbili zikiwa sambamba.

"Ufa wa namna hii unaweza kujificha siku za mwanzo hata kwa mashine mpya," alisema. "Kwa hiyo siwezi kusema ni mashine. Wala siwezi kusema si mashine. Kesho asubuhi mpime mbele yangu."

Nimerudi nikamwambia Baba. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Aliuliza tu, "Mbele yake?" Kisha akakaa akikunja na kukunjua kitambaa cha kufutia skrini.

Ningeweza kumwambia palepale: Baba, twende mlango wa pili, nesi yupo, ni hatua chache. Akaja mgonjwa wa nyonga.

Jumanne, 8 Aprili
Asubuhi mvua imetulia, mawingu meupe. Naandika yote kwa mpangilio, maana nikiacha hadi kesho nitayapamba.

Daktari Mkuu alifika mapema, akasimama karibu na mlango mikono mfukoni. Baba alikuwa amevaa koti jeupe lililopigwa pasi, na viatu vinang'aa. Niliweka kibamba mezani. Kwa kawaida tunakiweka mistari ikiwa imesimama, kichwa kuelekea dirishani. Lakini kitabu cha mashine kinataka kipimwe pande zote mbili, mara moja mistari imesimama na mara moja imelala, kwa kuwa ukungu wa upande mmoja si lazima uwe sawa na wa upande wa pili. Sisi huwa tunapima upande mmoja tu, kwa haraka ya foleni. Leo, kwa kuwa Daktari Mkuu yupo, nikafanya zote mbili.

Ya kwanza, Baba alisoma tisa. Daktari Mkuu akaguna tu.

Nikakigeuza kibamba. Nilikuwa nyuma ya kioo cha risasi wakati wa kupiga, na nilipotoka picha ilikuwa tayari kwenye skrini. Sikumwambia Baba kwamba nimekigeuza. Naapa sikukusudia kumtega. Nilidhani ameona. Ni kitu ambacho mtu yeyote angekiona kutoka mlangoni, mistari minene ya kundi la kwanza imelala kama ngazi.

"Tisa," alisema Baba. "Ileile."

Daktari Mkuu akasogea. Yeye si mtu wa mashine, na nadhani aliuliza kwa kutaka kujua tu.

"Mwalimu, hii mistari kumbe ina maana ikisimama na ikilala?"

"Ipo maana, Daktari. Lakini sisi tunaipima ikiwa imesimama."

"Na hii sasa?"

"Imesimama. Siku zote imesimama."

Chumba kikawa kimya, tukabaki tunasikia feni ya mashine tu. Daktari Mkuu aliitazama skrini, akamtazama Baba, halafu akanigeukia mimi. Hakuuliza kwa mdomo.

Baba naye alisikia ule ukimya. Mtu asiyeona vizuri husikia kila kitu. Aligeuza uso upande wangu, akangoja, na nikajua anangoja nini. Angetosheka na neno moja. Ningesema, "Ndiyo, Daktari, imesimama, skrini ndiyo imegeuza," na Daktari Mkuu angeniamini, maana hajui. Tungepata wiki. Pengine tungepata masika yote.

Akilini nilimwona fundi cherehani na mkono wake mapajani.

"Imelala," nikasema.

Baba alinyoosha mkono hadi kwenye skrini. Akaigusa kwa ncha za vidole, kioo kitupu, kama anayeitafuta ile mistari kwa ngozi. Kisha akainuka, akavua koti, akalitundika msumarini bila kupapasa, maana msumari huo anaujua, akatoka. Nikamsikia kwenye ukumbi, kiganja kikiburuta ukutani.

Daktari Mkuu akasema, "Tangu lini?"

"Sijui."

"Unajua."

Nikakitoa kibamba mezani.

Jumatano, 9 Aprili
Mvua. Mashine imesimamishwa. Nimebandika tangazo mlangoni.

Jioni alikuja Mama Mdogo, mke wa Baba. Hakukaa. Maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye khanga hadi sakafuni, na nilipomletea taulo alilishika bila kulitumia.

"Mlikuwa wawili chumba kimoja miaka yote hiyo. Ulishindwa kumwambia ndani, mkiwa wawili?"

"Mama, nilikuwa sina hakika."

"Mbele ya wakubwa ndiyo hakika ikaja?"

"Na wewe, Mama, hukuona? Unalala naye chumba kimoja."

Akalikunja taulo.

"Nilikuwa namwekea nguo kwa mpangilio," alisema. "Shati, suruali, soksi. Namwekea kikombe mahali palepale. Nilidhani nikipanga vizuri, haitakuwa kweli. Babu yenu aliishia hivyohivyo, siku alipoambiwa akageukia ukuta na hakugeuka tena. Mume wangu aliapa yeye hataambiwa."

Akaniachia taulo na kuondoka.

Ijumaa, 11 Aprili
Mawingu, hakukunyesha. Nesi wa macho aliniita ukumbini. Mama Mdogo alifaulu kumleta Baba. Ni presha ya macho, ile isiyouma. Hula pembeni kwanza, ikija taratibu kuelekea katikati, na mtu hugeuza shingo badala ya kugeuza mawazo. La kushoto limekwisha. La kulia linaona kama kupitia tundu la ufunguo, tena lenye ukungu. Dawa ya matone italinda hicho kilichobaki. Kilichokwenda hakirudi.

"Angekuja mwaka juzi," alisema nesi. Hakumalizia. Mlango wake na wetu, ukumbi katikati. Mganga hajigangi, wanasema, na wanasema kwa mzaha.

Jumamosi, 12 Aprili
Mvua. Nina hasira na Baba. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Aliketi pale akitamka tisa kama mtu anayesoma sala aliyoikariri. Mimi nilimwogopa, naye akaiogopa habari, mwishowe mkono wa mtu ukalipa.

Jumatatu, 14 Aprili
Mvua. Hakuna cha kupima. Nimefuta vumbi.

Alhamisi, 17 Aprili
Mvua. Nimekwenda kwao kumwona Baba. Mama Mdogo akasema amelala. Nilimsikia akikohoa.

Jumanne, 22 Aprili
Fundi wa mashine amefika, tunayemwita Bwana Kesho. Akafungua, akachungulia, akasema tyubu imechoka. Mahali inapotokea miale pamelika pakawa papana, kama kalamu iliyobutuka. Haiwezi tena kuchora mstari mwembamba. Mpya imeagizwa.

"Inafika lini?"

"Kesho."

Hata mhudumu wa usafi alicheka.

Ijumaa, 25 Aprili
Mvua mbaya. Daraja limekatika. Tyubu ipo ng'ambo, kwenye lori.

Jumapili, 27 Aprili
Nimekwenda kwao tena. Amelala, akasema Mama Mdogo, macho yake chini. Nikaacha matunda mlangoni.

Jumatano, 30 Aprili
Tumewarudisha wagonjwa kumi na tisa bila picha. Mmoja, mzee aliyeumia mbavu, ameniuliza, "Si bora picha mbovu kuliko hakuna?" Nikamwambia hapana, mzee wangu. Alivyoondoka akijishika ubavu, hakika yangu ilipungua.

Jumatatu, 5 Mei
Mvua. Leo nilifunga macho na kujaribu kutembea kutoka mlango wetu hadi ngazi. Nilijigonga kwenye toroli. Kumbe kila kitu nilichokuwa nakihamisha, stuli, ndoo, toroli, nilikuwa namzibia njia, naye alikuwa ananigombeza kwa sababu hakuweza kuniambia kwa nini. Hasira imeisha. Kilichokuja badala yake ni kizito zaidi.

Alhamisi, 8 Mei
Lori limevuka.

Ijumaa, 16 Mei
Asubuhi jua. Bwana Kesho amemaliza kufunga tyubu mpya. Nimepima mara tatu, pande zote, na daktari wa zamu akasoma huku mimi nikiandika, kisha tukabadilishana.

La nane. La tisa ni ukungu, hata kwa tyubu mpya.

"Usitarajie zaidi," alisema Bwana Kesho akikusanya spana zake. "Bamba la kupokelea picha nalo limezeeka. Mashine hii haijaona la tisa muda mrefu sana, dada."

Nane inatosha. Jumatatu tunafungua.

Jumapili, 18 Mei
Asubuhi mawingu mepesi, matone machache, kisha kukavu.

Mchana hodi mlangoni. Mama Mdogo, na nyuma yake Baba, mkono begani kwake. Amekonda, amenyolewa vizuri. Nilisogeza kiti, nikakumbuka, nikamwambia, "Kiti kiko kulia kwako, Baba." Akakaa. Mama Mdogo akasema anakwenda kumsalimia jirani yangu, ambaye hamjui.

Nikamimina chai. Ikapoa.

"Wanasema tyubu imefungwa," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Imesomaje?"

Nilimtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya siku hizi, sikio mbele.

"Tisa," nikasema.

Hakusogea. "Pande zote?"

"Pande zote."

"Umehesabu?"

Sikuweza kuendelea. "Nane, Baba. Pande zote nane."

Akatikisa kichwa polepole. "Ya kwanza ulikuwa unanihurumia. Usirudie. Mtu akishaanza kuhurumiwa kwa namba, amekwisha." Akapapasa kikombe, akakipata, akakishika bila kunywa. "Tyubu mpya kabisa, na ni nane."

"Fundi anasema bamba limezeeka. Anasema muda mrefu."

Nyumba ya pili mtu alikuwa anapigilia msumari. Baba alingoja hadi yule mtu alipomaliza.

"Basi ile tisa yangu," alisema, "niliiona lini mara ya mwisho?"

"Mimi nilikuwa naandika tu, Baba."

"Ndiyo. Na uliandika vizuri." Akakirudisha kikombe mezani. "Yule mama wa cherehani?"

"Amepasuliwa. Anajifunza kukata kwa mkono wa kushoto."

Alifunika macho kwa kiganja, yote mawili, lile linaloona na lisiloona, akakaa hivyo hadi Mama Mdogo aliporudi. Sikumgusa. Sikujua kama nina ruhusa.

Wakati wa kuondoka, Mama Mdogo alimsogezea bega kama kawaida. Yeye akanyoosha mkono upande wangu na kungoja. Nikaingia chini ya mkono wake, tukashuka ngazi, mimi nikitaja kila kipandio, hadi barabarani.

"Umebaki mifupa," alisema akinibinya bega. "Hii naiona bila mashine. Hulali?"

"Silali, Baba."

"Kesho una foleni ndefu, na utakuwa peke yako. Nenda ukalale."

Nimerudi, nimeosha vikombe, nimepiga pasi koti langu la kazi. Nalala sasa, saa moja na dakika ishirini jioni.